Nilikwenda Morogoro Kununua Farasi

"Farasi wa kupanda anauzwa, yupo Morogoro. Miaka saba, mpole, hana ugonjwa, hata mtoto anampanda. Milioni nne, maongezi yapo. Madalali kaeni mbali."

Tangazo hilo lilinikuta saa nne usiku nimeshavua miwani. Nikaivaa tena. Chini ya maneno palikuwa na picha moja tu: farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni, amesimama ubavu, na nyuma yake Milima ya Uluguru na wingu lake. Nilitazama picha ile mpaka simu ikaniomba chaji.

Kwa miezi mitatu nilikuwa nasoma matangazo ya mifugo kama wenzangu wanavyosoma habari za Simba na Yanga. Anayetafuta ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kuku chotara, sungura au mbwa wa ulinzi "mkali balaa" hakosi. Katikati yao huchomekwa viwanja visivyo na mgogoro na Noah iliyokuwa ikiendeshwa na mama mmoja mtaratibu. Farasi sikumwona. Mara moja nilidhani nimempata, kumbe alikuwa wa mbao, wa kubembea mtoto.

Nilijifunza kupanda ukubwani, Dar es Salaam, Jumamosi kwa Jumamosi, juu ya jike mmoja mzee aliyejua kazi kuliko mwalimu. Kisha nikaachiwa kipande cha shamba chini ya Uluguru, upande wa ukoo wa mama, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Nikajiona asubuhi moja ya kiangazi nikitoka shambani juu ya farasi, nikipandisha taratibu hadi kwa mama mkubwa, ambaye nyumba yake ipo juu ya Bigwa, mahali ambapo bodaboda hukata tamaa. Ndoto ikishapata picha na namba ya simu, haiitwi ndoto tena. Nikapiga.

"Dada, huyu farasi ni wa bosi mmoja," sauti ikanijibu. "Mimi nasaidia tu."

Kumbe aliyeandika madalali wakae mbali alikuwa dalali.

Kabla ya kukata tiketi nilimpigia mzee mmoja, daktari wa mifugo mstaafu, rafiki wa marehemu baba, ambaye ametibu wanyama wa Morogoro tangu mimi sijaanza shule. Nilimsomea tangazo neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, usinunue kitu chenye miguu minne kabla mimi sijaiona yote minne." Nikamwahidi.

Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ilinifikisha kabla saa mbili hazijatimia. Morogoro wenyewe huuita mji kasoro bahari. Milima ipo, mito ipo, mchele upo, muziki wa Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah ulitokea hapa. Ilibaki bahari tu. Nilikuwa natabasamu peke yangu: kama kuna farasi, basi kasoro itabaki ileile moja.

Dalali alinipokea kwa bashasha na kwa bei. Hela ya kuonyeshwa ilikuwa shilingi elfu ishirini.

"Farasi naye anaonwa kwa hela?"

"Dada yangu, chumba cha kupanga kinaonwa kwa hela, sembuse farasi?"

Sikuwa na jibu. Tukampitia Daktari nyumbani kwake, karibu na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chuo kilichopewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humu Aprili 12, 1984. Nikamwamkia, "Shikamoo Daktari." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akapanda gari na begi lake la ngozi, asimtazame dalali hata kidogo.

Tulishika barabara ya Iringa. Mlima ulibaki kushoto kwetu, kijani kilichokolea, na kila tulipoupa kisogo joto liliongezeka. Baada ya njia panda ya Mzumbe miti ilipungua, ukaanza uwanda. Karibu na Melela tulipishana na kina mama wa Kimaasai wakiswaga punda watano, kila mmoja na madumu ya njano ya maji ubavuni. Daktari akawaonyesha kwa kidevu. "Wale hawajawahi kuwekwa kwenye tangazo," alisema, "na wanafanya kazi."

Shamba lilikuwa la mtu anayeishi mjini na kulitembelea akikumbuka. Aliyekuwapo ni kijana mtunzaji, mpole, mwenye raba zilizokatwa visigino. Alitukaribisha, akaenda nyuma ya banda, akarudi na farasi.

Baka jeupe lilikuwapo. Wekundu ulikuwapo. Mengine ya kwenye picha yalikuwa yamebaki kwenye picha. Mbavu zilihesabika, nyonga zimetokeza kama pembe za meza, manyoya yamekakamaa. Hatamu ilikuwa kamba ya katani iliyosokotwa vizuri, na hiyo haikunishangaza, kwa sababu huku mkonge ndio ulikuwa tajiri wa zamani. Lakini macho yake yalikuwa ya upole kweli. Katika tangazo lote, neno hilo moja lilikuwa halina chumvi.

Daktari hakumwendea moja kwa moja. Alisimama pembeni, akamtazama anavyosimama. Kisha akampitishia mkono shingoni, begani, akateremka hadi kwenye kwato, akaomba mguu, akapewa. Kwato zilikuwa zimerefuka na kupasuka pembeni. "Hizi hupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi nane," alisema. "Nani anampunguza?" Kijana akatazama chini. "Zinaliwa na mawe zenyewe, Mzee."

Halafu akamfungua mdomo. Nimewahi kuona watu wakikagua magari: wanafunua boneti, wanasikiliza injini, wanalala chini kutafuta oili inayovuja. Kwa farasi boneti ni mdomo. Daktari alininong'oneza kama anayenionyesha siri ya familia. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miaka miwili na nusu, na akifika mitano kinywa kimekamilika. Kuanzia hapo umri husomwa kwa jinsi meno yanavyosagika na kulala. Akifikia kama 10, mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia huchomoza kwenye ufizi, juu ya jino la mbele la pembeni, taya la juu. Kila mwaka unashuka kidogo. Kwenye 15 umefika katikati ya jino, na kwenye 20 umefika chini.

"Soma mwenyewe," akaniambia.

Nikasoma. Mfereji ulikuwa umevuka nusu ya jino.

"Tangazo linasema saba," nikasema.

"Labda saba aliyokaa hapa," dalali akaingilia.

Daktari hakucheka. Alikuwa ameinua mdomo wa juu, anatazama ufizi. Ufizi wa farasi mzima huwa na rangi ya waridi. Wa huyu ulikuwa mweupe kama uji wa mchele. Akamshika mshipa chini ya taya, macho kwenye saa. Farasi aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Wa huyu, ambaye hakuwa ametembea hatua hamsini, ulipiga mara 56. Mwisho Daktari aliinama chini ya tumbo, mahali palipokuwa na uvimbe laini kama mkate. Akabonyeza kwa kidole gumba, akautoa. Shimo likabaki. Tulisimama watu wanne, tukilitazama shimo lile likijaa polepole.

Nikamwomba kijana ampande kwanza. Hiyo ni kanuni niliyofundishwa: mwenye farasi apande kabla ya mgeni, asipotaka, umeshapata jibu. Alipanda bila tandiko, akamzungusha uwanjani. Farasi akaenda telki, tukamwomba aongeze, akaingia matiti. Hapo kichwa chake kikaanza kutikisika, juu, chini, juu, chini. Kila mguu wa mbele wa kushoto ulipogusa ardhi, kichwa kilirushwa juu. "Anaukwepa huo," Daktari alisema. Hatukumwomba aende shoti.

Daktari alimtoboa mshipa mdogo wa sikio, akachukua tone la damu kwenye vipande viwili vya kioo, kimoja akakifunika kikiwa kibichi, kingine akakipaka na kukikausha. Akauliza vyeti vya chanjo. Havikuwapo. Akauliza kibali kilichomleta farasi huyu kutoka alikotoka, maana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 haikuruhusu mnyama asafirishwe kiholela. Hakikuwapo pia. Nilimpa kijana pesa kidogo za pumba, tukaondoka. Dalali aliniuliza njiani nimempendaje farasi. Nikamwambia nimempenda, na nilikuwa nasema kweli.

Jioni ile, kwenye maabara ya rafiki yake, Daktari aliweka kioo chini ya hadubini, akazungusha, akatulia, akasogea. "Karibu," alisema.

Chembe za damu zilikuwa zimetapakaa kama dengu kwenye ungo. Katikati yake kitu chembamba kama uzi kilijipinda, kikazisukuma chembe huku na huku, kikapotea, kikatokea tena. Kisha nikaona kingine.

"Nagana," Daktari akasema. "Kazi ya mbung'o."

Vimelea vile vilitambuliwa mwaka 1895 huko Zululand na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, kwenye damu ya ng'ombe wagonjwa, na ndiye aliyethibitisha kwamba anayevibeba ni mbung'o. Dawa ipo, nikaambiwa, karibu kila duka la dawa za mifugo linayo, lakini imezoeleka kwa ng'ombe. Farasi haivumilii vizuri na kipimo chake ni cha mtu anayejua. Tena ukimtibu leo na kumrudisha palepale, mbung'o hawajahama.

"Na mbung'o ndiye adui mdogo," akaongeza. Mkubwa zaidi, kwa farasi, ni tauni yao wenyewe, maradhi ya virusi yanayoenezwa na visubi, vile vidudu vinavyouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Ikishika mapafu, farasi wengi hawafiki wiki: povu jeupe puani, basi. Punda wetu huipata wasiugue, na punda milia ndio kabisa, huitembeza damuni bila habari. Ukiwa Morogoro, Mikumi ipo njia ileile ya Iringa, nayo imejaa punda milia. Chanjo hutengenezwa Afrika Kusini. Anayefuga farasi katika nchi hizi lazima aipate kila mwaka, na usiku amlaze bandani penye wavu. Ndiyo maana farasi utawakuta Arusha, Kilimanjaro na Mufindi kwenye baridi, au Dar es Salaam kwa wenye vilabu na kwa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, ambao wana watunzaji na madaktari wa zamu.

Tulikunywa chai barazani kwake. Nilikuwa kimya, na nadhani alinihurumia, kwa sababu alianza kunisimulia kuhusu watu waliowahi kufanya kosa langu.

Mwaka 1871, mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili. Unguja alionywa kwamba farasi hawaishi bara, naye akaona ni maneno ya watu wavivu wa kujaribu. Siku chache tu kutoka pwani, mahali palipoitwa Kingaru, wote wawili walikufa. Akampasua wa kwanza, akakuta tumbo limejaa minyoo, akamzika. Mkuu wa pale akaja kudai faini ya kitambaa: nani alikuruhusu kuzika mnyama kwenye ardhi yangu? Stanley akamjibu kwamba kama ni hivyo atamfukua na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokufa. Mzee akafikiria harufu, akasamehe. Ilibidi nicheke. Katika mkasa mzima, mtu pekee aliyepiga hesabu sawasawa ni yule mwenye ardhi.

Stanley akaendelea hadi Simbamwene, mji wenye kuta alioujenga Kisabengo, wakati ule ukitawaliwa na binti yake. Hapo ndipo ilipo Morogoro. Mbele ya hapo masika ilikuwa imeufanya uwanda wa Mkata kuwa ziwa la tope, na punda wake wakafa mmoja baada ya mwingine. Sisi siku hiyo tulikuwa tumesogea upande huohuo kwa gari, tukilalamikia joto.

Somo lile halikusomwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Jan Smuts wa upande wa Waingereza alishuka na jeshi lenye maelfu ya Makaburu waliozoea kupigana juu ya farasi. Walipoingia Morogoro, Agosti 26, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walikuwa wameshateleza kuzunguka Uluguru kuelekea Kisaki. Wapanda farasi wakatumwa kupitia Mlali kuwakata. Mlima ukawavunja, mbung'o na visubi wakamalizia. Farasi walikufa kwa maelfu, meli zikaleta wengine, nao wakafa. Askari waliokuja juu ya tandiko waliendelea kwa miguu.

"Sasa mzigo ukabebwa na nani?" Daktari aliniuliza, kana kwamba nipo darasani.

Nilijua. Ulibebwa na watu. Kwa karne nzima kabla ya hapo, pembe na vitambaa vilipita njia hizi vichwani mwa wapagazi, kwa sababu mnyama wa mzigo hakudumu. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 tu. Vita ilipokuja, vijana wakakusanywa kubeba risasi na mchele, makumi ya maelfu wasirudi makwao. Waingereza walikiita kikosi hicho Carrier Corps. Kambi yao ya Dar es Salaam imebaki na jina hilo katika ulimi wetu: Kariakoo. Mimi hununua vitambaa Kariakoo kila mwezi. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya jina lile kuna farasi aliyekufa, na mtu aliyepewa mzigo wake.

Usiku sikupata usingizi haraka. Niliwaza lugha yetu. Telki, matiti, shoti. Lijamu, hatamu, kikuku cha kutilia mguu. Maneno haya yapo kwa sababu pwani walimjua farasi. Bi Salme binti Sayyid Said, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia alivyofunzwa kupanda akiwa binti mdogo Unguja. Maneno yalipanda jahazi, yakashuka pwani, yakasafiri na misafara hadi Kongo. Mnyama mwenyewe aliishia njiani. Hata leo bibi wa mlimani atakuonya kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na maisha yake yote hajamwona hata mmoja.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mkubwa. Bodaboda ilinifikisha pale inapokata tamaa, nikashika njia ya miguu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Njia ya Uluguru haikwepi mlima kwa kona ndefu. Inaupanda usoni, kwa vidaraja vya udongo vilivyochongwa na nyayo, upana wa mtu mmoja, mgomba huku, korongo huku. Akina mama walikuwa wanashuka na mikungu ya ndizi na vikapu vya mboga kuwahi Soko la Chifu Kingalu mjini. Walishuka kwa hatua fupifupi za haraka, shingo wima, mikono huru. Mimi, nisiye na mzigo, ndiye niliyeshika migomba. Kila nilipompisha mmoja nilijaribu kupima kwato nne zingekanyaga wapi. Sikupata mahali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umelowa? Umekuja na nini?"

"Nilitaka kuja na farasi."

Alinitazama kuona kama nina homa. Nilipomaliza kumweleza, hakucheka. Aliuliza maswali, moja moja, kama mtu aliyeletewa posa.

"Anakula nini?"

"Majani. Kama kilo tisa makavu kwa siku."

"Kila siku?"

"Kila siku." Nikamalizia mwenyewe kichwani: zaidi ya tani tatu kwa mwaka, na ndoo mbili za maji kwa siku.

"Ya shamba la nani?"

Hapo nilikwama. Kule juu kila kipande kina mwenyewe na ukoo wake, maharage yanapoishia migomba inaanza, na migomba inapoishia kuna mpaka wa msitu wa hifadhi, unaolinda chemchemi za mito inayoulisha Ruvu, ambao ndio maji ya Dar es Salaam. Malisho hakuna. Mbuzi wake wawili walikuwa kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa, na majani wanaletewa.

"Samadi yake inafaa mboga?"

"Inafaa sana."

"Basi samadi lete," alisema, akigeukia chungu chake. "Yeye mwache hukohuko."

Nilikaa kwake hadi alasiri. Wingu lilipofunguka niliona mji mzima: bati, reli mbili, ya zamani na mpya, bwawa la Mindu liking'aa, na mbali magharibi uwanda wa rangi ya majani makavu ambako farasi mmoja mwekundu alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani. Kwa baridi yake, mlima ule ungemfaa kiafya. Lakini hauna njia yake wala chakula chake. Uwanda una njia na nyasi, nao ndio unaomuua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa natafuta farasi wa Morogoro. Nilikuwa natafuta picha ile, mnyama mbele na mlima nyuma, na picha ile haina mbung'o.

Mwenye farasi alinipigia jioni. Dalali alikuwa ameshampa taarifa. Nikamweleza kuhusu damu, moyo, mguu na umri, nikampa namba ya Daktari, nikamwomba amtibu hata kama simnunui. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Sasa dada, nifanyie mbili na nusu."

Daktari alinisindikiza stesheni. Nilimwambia kwamba sijakata tamaa, labda siku moja nitahamia Arusha. Akasema ni wazo zuri. "Ila kwa hapa, mwanangu, kama unataka kubeba maji, nunua punda. Kama unataka kumfikia mama yako mkubwa, nunua viatu." Alipomtaja punda alikumbuka jambo, akalisema kwa hasira ambayo sikuiona hata mbele ya shimo lile la uvimbe: miaka michache nyuma punda wa nchi hii walikuwa wanamalizwa kwa ajili ya ngozi zao, zinazochemshwa China kutengenezea dawa, na machinjio yalikuwa Dodoma na Shinyanga. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. "Tunamtafuta mnyama asiyeweza kuishi hapa," alisema, "na anayeweza tulitaka kummaliza."

Kwa hiyo wewe msomaji, siku tangazo la farasi litakapokukuta usiku umevua miwani, usianze na bei. Uliza kwanza yupo wapi, na mahali hapo mbung'o wapo au hawapo. Uliza cheti cha chanjo na kibali cha kusafirishwa. Nenda na daktari wako, si wa muuzaji. Mwombe mwenyewe apande kabla yako, fungua mdomo usome jino la pembeni, bonyeza chini ya tumbo, na usiondoke bila tone la damu. Halafu piga hesabu ya majani, maji, kwato na banda la wavu, mwaka mzima, ndipo urudi kwenye bei. Bei utailipa mara moja. Haya mengine utayalipa kila kunapokucha. Ukifanya papara utauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lina picha nzuri.

Mwaka mmoja umepita. Juzi nilifungua matangazo tena, mazoea mabaya hayana dawa. Farasi mwekundu bado yupo, picha ni ileile, mlima uleule. Bei imeshuka hadi milioni moja na laki nane. Umri wake bado ni miaka saba.